Esteria Maige, Mchora Visogo

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, wazee wa ukoo wa Maige na wa ukoo wa Magese, majirani wa hapa mtaani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi nyote mliotoka Nkoma, Mkula, Lamadi na kwingineko kuja kutushika mkono, salamu zenu, mwadila, na poleni kwa jua. Anayesoma mbele yenu ni Shija Boniventura, mwana wa marehemu, ambaye atajitaja kwa jina kama atakavyowataja wengine, maana karatasi hizi si zake, ni za mama yake. Karatasi zenyewe ni nne, tatu zimechapwa na mdogo wake Elia kwenye kompyuta, na ya nne imeandikwa kwa mkono leo saa mbili asubuhi, mengine atayaongeza kwa kinywa, na ratiba imempa dakika kumi. Mwenyekiti wa kamati atamsamehe akizidisha, kwa sababu jambo lililomo katika hiyo karatasi ya nne ndilo lililofanya ukoo huu ushindwe kula sahani moja tangu Alhamisi.

Jambo lenyewe ni dogo kulitamka na zito kulibeba, ni watoto wangapi wasomwe. Ratiba mliyogawiwa pale mlangoni inasema marehemu ameacha watoto watatu na mpwa mmoja, na kwa hesabu hiyo Shija ndiye mtoto wa kwanza. Wasukuma mliopo mmeshaanza kutazamana, na mna haki, maana katika nchi yetu hii Shija ni yule anayezaliwa nyuma ya mapacha, na mtu haitwi Shija kama mbele yake hawakupita Kulwa na Doto. Elia, aliyekaa Dar es Salaam miaka kumi na minane, alichapa hivyo hivyo bila kuona kwamba jina la kaka yake limeshaitoa siri nje. Kwa sababu hiyo sehemu ya watoto haitasomwa mahali pake pa siku zote, itasomwa mwisho, na mwenye haraka avumilie.

Marehemu Esteria Maige Masunga alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 katika kijiji cha Nkoma, ambacho leo kiko Wilaya ya Itilima, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Maige Masunga na Mama Holo, wakulima wa pamba na mtama, ambao wote wametangulia. Mdogo wake wa kumfuata ni Mama Pelagia, yule aliyeketi pale kwenye mkeka wa mbele mwenye kitenge cha bluu, na jina lake mtalisikia sana humu. Kazi ya kwanza aliyopewa Esteria duniani ilikuwa kulinda ndege katika shamba la mtama, akiwa na umri wa miaka saba, na kazi hiyo ilimshinda, kwa sababu badala ya kuwafukuza ndege alikuwa akiwatazama wanavyokaa juu ya masuke, kisha anakwenda kuwachora kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba. Mwaka ule mtama ulikuwa haba na ukuta ulijaa ndege walionona. Mzee Maige alimchapa fimbo mbili, halafu jioni hiyo hiyo akawaita majirani waje waone ukuta, na marehemu alipenda kusema kwamba alichanganyikiwa maisha yake yote asijue baba yake alimaanisha nini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika shule ya msingi ya kijijini kwao, akamaliza la saba mwaka 1971, na ingawa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, aliacha ubaoni picha ya tumbo la ng'ombe na vyumba vyake vinne ambayo walimu walikataza isifutwe kwa muhula mzima. Mwaka 1974, wakati wa kampeni ya kisomo cha watu wazima, aliteuliwa kuwa mwalimu wa kujitolea hapo hapo Nkoma, akawafundisha wazazi wa wenzake kusoma chini ya mti wa shule, kwa njia yake mwenyewe, ya kuchora kwanza kitu na kuandika jina lake baadaye. Wazee ambao herufi ziliwakwepa waliweza kutaja ng'ombe aliyechorwa ni wa boma la nani, na wakishataja jina la mwenye ng'ombe, kuliandika hakukuwa tena kazi kubwa. Madaftari yaliyobaki kwenye kisomo ndiyo aliyoanza kuyajaza mambo ya kwao, mama yake akikata viazi vya kuanika michembe, miti mirefu ya mihama iliyosimama bondeni, Pelagia akichota maji, korongo wakimfuata mwenye plau, mvua ya kwanza ikikaribia kutoka upande wa ziwani. Hakuwahi kuuza hata karatasi moja, wala hakuwahi kujiita msanii, na aliyemwita hivyo aliulizwa kama anataka kumchelewesha kupika.

Tarehe 24 Septemba 1977 alifunga ndoa takatifu na marehemu Boniventura Magese, mkulima wa pamba, mtu mpole, mchapakazi na mgumu wa kubadili neno akishalisema, kama mlivyomfahamu. Tarehe 2 Juni 1979 Mungu aliwajalia mapacha wa kike, Kulwa na Doto, na desturi zote za mapacha zikafanyika, na Nkoma nzima ikacheza.

Sasa tunafika mahali ambapo wazee wangependa msomaji aruke mstari. Tarehe 11 Februari 1981, siku ya Jumatano, marehemu aliwakalisha mapacha wake kwenye ngozi ya ng'ombe uani, akaanza kuwachora, akamaliza uso wa Kulwa, na alipoanza uso wa Doto mtoto akalia, akaacha penseli, akambeba. Kesho yake Kulwa akapata homa, keshokutwa vipele, na Jumamosi tarehe 14, kabla ya adhuhuri, Kulwa akafariki. Ilikuwa surua, ndugu zangu, na mwezi ule surua ilizika watoto tisa katika vitongoji vile, na wanane kati yao hakuna mtu aliyewahi kuwachora. Lakini mama mzaa Boniventura alilikuta lile daftari limefunguka kwenye ngozi, akauona uso mmoja umekamilika na mwingine nusu, akapiga yowe kwamba penseli imemchukua mmoja na inamsubiri wa pili. Maneno ya mfiwa hayapimwi kwa mizani, na bibi yule alikuwa amefiwa mjukuu, hatumsemi. Boniventura naye alikuwa amefiwa, na mtu aliyefiwa hushika chochote kilicho karibu, yeye alishika neno la mama yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi alimwambia mkewe mambo mawili, kwamba uso wa mtu wa nyumba yake usichorwe tena, na kwamba Doto aondoke kabla uso wake haujamalizwa. Mama Pelagia alikuwa ameolewa Mkula, ambayo wakati huo ilikuwa Wilaya ya Magu, miaka mitano bila kupata mtoto, na tarehe 20 Februari alikuja na mumewe, akamfunga mgongoni mtoto wa dada yake aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi minane, akaondoka naye. Ili kifo kisimfuate kwa jina, hakuitwa tena Doto, alibatizwa Justina, na katika cheti cha ubatizo mama yake aliandikwa Pelagia. Marehemu hakulia mbele ya watu siku ile. Aliingia ndani akakaa, na titi lilikuwa bado lina maziwa.

Alitii, na aliyezoea kusikia kwamba wanawake wa Kisukuma hawana ubishi amsikilize alivyotii. Uso hakuchora tena, lakini hakuna aliyemkataza visogo. Kuanzia mwaka ule marehemu aliwachora watu wake wote kwa nyuma, mumewe akiinama kwenye mfereji, shingo za watoto wakienda shule, mgongo wa mama mkwe anapoota jua, na ukiyafungua madaftari yake utadhani ukoo mzima unaondoka. Majirani walimtania, wakamwimbia kwamba akupaye kisogo si mwenzio, na yeye alijibu kwamba kisogo hakijui kudanganya, uso ndio unaojipanga ukitazamwa. Shija, aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1982, na Gloria na Elia waliomfuata, walikua wakijua umbo la vichwa vyao kwa nyuma kuliko watoto wengi wa mkoa huu.

Tarehe 1 Aprili 1986 aliajiriwa kuwa mhudumu wa ofisi ya serikali hapa Bariadi, familia ikahamia mjini, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini kasoro mwezi, bila barua hata moja ya onyo, hadi alipostaafu tarehe 3 Machi 2016. Wafanyakazi wenzake mliopo mnakumbuka kwamba fomu zilizoharibika na memo za zamani hazikuchomwa kabla Mama Esteria hajazipitia, akachukua zile zilizoandikwa upande mmoja, akazishona kwa uzi wa gunia kuwa madaftari, na ruhusa alikuwa nayo. Ndiyo maana katika michoro yake, nyuma ya korongo kuna maombi ya likizo, na nyuma ya mgongo wa baba yetu kuna takwimu za mbegu za pamba.

Kila mwaka, baada ya kuvuna pamba, alipanda basi kwenda Mkula kumsalimia mdogo wake, akibeba michembe na karanga, akakaa siku mbili, akarudi. Watoto wake walijua wana mama mdogo Mkula, na mama mdogo ana binti anaitwa Justina, basi. Wakati huo wote Mama Pelagia, na hili anaruhusu lisemwe, hakuwaacha hata mara moja dada yake na yule binti wakae wawili peke yao, wakienda kisimani alikwenda, wakichambua mboga aliketi katikati, na binti akitumwa dukani alitumwa pamoja na mtu mwingine. Aliogopa, na mwenye kuogopa hana siku ya mapumziko.

Boniventura Magese alifariki tarehe 6 Julai 2009, bila kulirudisha neno lake. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, marehemu alikwenda Mkula kama kawaida yake, akamwambia Justina, aliyekuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili, mfanyabiashara wa dagaa pale Lamadi, kwamba yeye ni Doto. Alimwambia mbele ya Mama Pelagia, na kwa ruhusa yake, na ruhusa hiyo ilikuwa na sharti moja, kwamba ndani ya nyumba ijulikane, nje isitangazwe, wala Justina asibadilishe mtu anayemwita mama. Marehemu alikubali sharti. Aliporudi Bariadi aliwaita Shija, Gloria na Elia, akawaeleza, na tangu siku ile walijua wana dada, wakampigia simu sikukuu, na hawakumsema.

Tarehe 19 Novemba 2023, akimenya viazi, marehemu alipata kiharusi kilichokamata upande wa kulia, mkono, mguu na sehemu kubwa ya kusema. Alilazwa wiki tatu, akaruhusiwa, akaanza mazoezi, na alianza kuchora kwa mkono wa kushoto, michoro iliyotetemeka, mistari kama ya mtoto, akikasirika na kuchana. Mwezi Desemba mwaka jana hali ilishuka. Siku moja saa kumi jioni, akiwa kitandani na Shija peke yake, alichukua daftari akachora viduara vinne vilivyopangwa mstari, vikubwa kwa vidogo, akamtazama mwanawe, akasema kwa ulimi ule mzito, "Siku yangu. Msome." Shija akamuuliza asome nini, naye akainua vidole vinne vya mkono wa kushoto, akavishikilia juu mpaka mkono ukachoka.

Shija alielewa. Asisingizie, alielewa tangu kidole cha pili, lakini alimwambia mama yake kwamba ndiyo, mayu, yale mawe manne ya nyuma ya nyumba umeyachora vizuri. Marehemu alifumba macho. Alikuwa ameomba jambo moja tu katika ugonjwa ule wote, na mwanawe alijifanya kipofu, na sababu haikuwa heshima kwa Mama Pelagia wala kwa neno la baba, ingawa ndivyo alivyojiambia. Sababu ni kwamba kwa miaka arobaini na miwili Shija ameketi kiti cha mtoto wa kwanza, ameshika mkuki wa baba msibani, ametangulia kutia udongo kaburini, amesikilizwa kikaoni, na kiti kikishazoea makalio yako huoni tena kwamba kina mwenyewe.

Marehemu Esteria aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali aliyokuwa amelazwa hapa Bariadi, kwa kiharusi cha pili, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa na siku nane.

Alhamisi mchana kikao cha ukoo kilikaa kupitisha historia hii, mwenyekiti akiwa Mzee Maganga Magese, mdogo wa baba yetu. Elia alisoma rasimu yake ya kwanza, iliyokuwa na majina manne, na Mzee Maganga akasema kwamba neno la marehemu kaka yake halivunjwi na kompyuta, mtoto alitoka nyumba ile akaenda nyumba nyingine, na mtoto ni wa aliyembeba mgongoni. Mama Pelagia alisimama, na wote mliokuwepo mlimsikia, hakupaza sauti. Alisema, "Mkimsoma leo kwa Esteria, mimi siku yangu mtanisomea nini? Mtasema Pelagia hakuacha mtu? Nimelea miaka arobaini na minne nije nisomewe sifuri?" Gloria aliomba wasikie kauli ya mwenyewe, na Justina, ambaye tangu Jumanne alikuwa jikoni akiosha masufuria kama jirani mwema, aliitwa, akaja akisugua mikono kwenye khanga, akasema kwa ufupi, "Msinigombanie kama ndama wa minadani. Niiteni mnavyoweza, mimi nimekuja kumzika. Ila mpwa sikuwahi kuwa, na Mungu anajua, Esteria hakuwa mjomba wangu." Akarudi kwenye masufuria.

Hapo wazee walimgeukia Shija, mkubwa wa nyumba, wamsikie. Alijua vidole vinne. Angeweza kusema kwamba mama ameacha wosia, na kikao kingeisha. Shija alichukua kalamu nyekundu ya katibu, akapiga mstari juu ya jina la Justina, akaandika pembeni "mpwa mmoja", akampa Elia akachape, na ndiyo karatasi mliyo nayo mikononi. Ndivyo ilivyokuwa, na anayesoma hajitetei.

Jana Ijumaa, saa tisa alasiri, Gloria alitoa sanduku la madaftari ili yachaguliwe machache yawekwe mezani pembeni ya jeneza, na Mama Pelagia akaketi kuyapitia pamoja naye, Shija akiwa mlangoni na akitamani kuwa kwingine. Walikuta daftari moja limeandikwa kwa nje Mkula. Lilikuwa na kurasa arobaini na tatu, ukurasa mmoja kwa kila mwaka, kuanzia 1981, zote zimechorwa kwa kumbukumbu baada ya kurudi nyumbani, na katika kila ukurasa kuna kisogo kimoja kinachokua, cha mtoto aliyenyolewa, cha msichana wa shule, cha mwali mwenye misuko, cha mama aliyebeba mtoto, cha mwanamke mwenye beseni la dagaa kichwani. Na katika kila ukurasa, kati ya aliyechora na kile kisogo, yupo mwanamke mwingine, anasuka zile nywele, ametangulia njia ya kisimani, ameketi katikati na ungo wa mboga. Ni Mama Pelagia. Kila mwaka yupo, na kila mwaka amechorwa kwa uangalifu ule ule, mpaka pindo la kitenge, mpaka kovu la kisigino alilopata kwa jembe.

Mama Pelagia alifungua kurasa zote arobaini na tatu, na Shija alidhani amekasirika. Alipofika mwisho alisema, "Daftari lake. Penseli yake. Nilimziba asimwone mwanawe, kila mwaka namziba, na angeweza kunitoa, nani angejua? Hakunitoa." Kisha akainua macho akamtazama Shija mlangoni. Shija alitoka akaenda kusimama nyuma ya choo cha msiba kama mtoto aliyevunja chungu, na alilia, na aliyemwona atakuwa alidhani ni uchungu wa kufiwa tu.

Karatasi ya nne sasa. Leo saa mbili asubuhi, wakati maturubai yanakazwa, Shija alimfuata Mama Pelagia alipokuwa akinywa uji, akapiga magoti, akamweleza habari ya viduara vinne, vidole vinne, na uongo wa mawe. Alitegemea kofi, na angelipokea. Mama Pelagia aliweka kikombe chini, akauliza kama kalamu anayo, akamwamuru aandike maneno yafuatayo kama anavyoyatamka, kisha akayatia sahihi kwa mkono wake, na Mzee Maganga akayasoma mara mbili, naye akatia sahihi. Yanasema hivi: "Mimi Pelagia Maige nakubali Justina Doto asomwe leo kwa dada yangu aliyemzaa. Siku yangu ikifika asomwe tena kwangu niliyemlea. Mtoto kusomwa mara mbili si kosa. Atakayemfuta huku au kule, na mimi nitakuwa nimeshalala, Mungu amwone."

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi mliomhudumia mama yetu katika vipindi vyote viwili, mkiwa mnamgeuza kitandani kwa mikono ya upole na kumwita bibi kwa jina lake. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, mliokuja na kiti cha magurudumu kabla hatujaomba, majirani wa mtaa huu mliochota maji na kupasua kuni tangu Jumanne, wanajumuiya mliosali naye kila Jumatano akiwa hawezi tena kuitikia, na wenzetu wa Lamadi mliofunga meza zenu za samaki siku nzima kwa ajili ya Justina, mkiwa hamjui bado mmekuja kumfariji kama nani. Wabeja sana. Ambaye hatukumtaja asihesabu amesahauliwa, mwaka huu tumejifunza ubaya wa kuacha majina.

Ratiba mliyo nayo, chukueni kalamu mwenye nayo. Marehemu Esteria Maige alijaliwa watoto watano. Kulwa, aliyefariki tarehe 14 Februari 1981. Justina Doto, wa Lamadi. Shija, wa hapa Bariadi. Gloria, wa Maswa. Elia, wa Dar es Salaam. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na mdogo wake Pelagia, mama wa yule wa kwanza kati ya hao wanne.

Baada ya Baba Paroko kubariki kaburi, watoto wa marehemu wataitwa kutia udongo, mkubwa akiwa mbele kama desturi ilivyo, na Shija atasimama wa pili.

Esteria Maige, mayu, umefika, pumzika kwa amani. Dada Doto, shika mkono wa mama yako pale mkekani, mje naye mbele, sisi tuko nyuma yenu.